Kupanda Treni na Basi kwa Usalama Katika Jiji Kubwa la Ugenini

Ukikaa nusu saa kwenye kituo kikubwa cha treni za chini ya ardhi ukitazama wapita njia, utawatambua wageni bila hata kuangalia nguo zao. Ni wale wanaosimama ghafla mahali ambapo kila mtu anatembea: mbele ya geti, juu ya ngazi za umeme, mlangoni mwa behewa. Simu iko mkononi, begi liko mgongoni, macho yameganda kwenye ubao. Mabaya mengi yanayowapata wasafiri huanzia hapo: kuibiwa, kupanda treni siyo, kupigwa faini, kubanwa na mlango, kupotezana na mtoto. Kuduwaa hakuepukiki ukiwa mgeni. Cha kufanya ni kuduwaa mapema, chumbani, ambako hakuna anayekutazama, ili kituoni uwe unatekeleza tu.

Usiku wa kabla ya safari ya kwanza

Andika mambo matano kwenye kikaratasi, usiyaache kwenye simu peke yake: kituo unachopandia, namba au rangi ya njia, jina la kituo cha mwisho cha upande unaokwenda, kituo unachoshukia, na namba ya mlango wa kutokea. Wengi husahau kituo cha mwisho, na hicho ndicho kinachoamua usimame jukwaa gani. Paris, mabango ya metro hukutajia jina la kituo ambako treni inaishia, basi. Usipolijua, umesimama mbele ya ngazi mbili na hujui ushuke ipi. New York hutumia maneno Uptown (kwenda kaskazini) na Downtown (kwenda kusini), na vituo vingine vina ngazi za barabarani tofauti kwa kila upande. Ukishuka ngazi za upande usio wako na ukagusisha kadi, huenda usiweze kuvuka ng'ambo mpaka utoke nje na kulipa upya.

Namba ya mlango wa kutokea huonekana jambo dogo mpaka ufike kituo kama Shinjuku, Tokyo, chenye milango ya kutokea zaidi ya 200. Ukitokea usipotarajia unajikuta ng'ambo ya reli, unakokota sanduku, na simu iko nje nje ukitafuta njia. Kama jiji linatumia maandishi usiyoyasoma, ya Kiarabu, Kichina, Kijapani au Kikorea, mwombe mhudumu wa mapokezi akuandikie jina na anwani ya hoteli kwa maandishi hayo. Kikaratasi hicho humfaa dereva wa teksi, polisi na mpita njia kwa pamoja.

Hesabu pia vituo vilivyo kati ya unapopanda na unaposhuka. Ukijua ni vituo saba, unaweza kuhesabu kwa vidole simu ikiwa mfukoni. Ila hakikisha kwanza kama njia hiyo ina treni za haraka, zinazoruka vituo. New York treni ya Express (ya haraka) na ya Local (inayosimama kila kituo) mara nyingi hupita pande mbili za jukwaa moja, na ukiingia isiyo yako utakiona kituo chako kikipita dirishani.

Kisha geuza saa. Mbao za vituo hufuata saa 24, na anayehesabu saa kwa Kiswahili hujikwaa hapa kirahisi. Kuanzia 07:00 hadi 18:59 toa 6: treni ya 13:20 ni ya saa 7 na dakika 20 mchana, na ya 18:30 ni ya saa 12 na nusu jioni. Kuanzia 19:00 toa 18. Kuanzia 00:00 hadi 06:59 jumlisha 6: 00:40 ni saa 6 na dakika 40 usiku. Mtego mkubwa zaidi uko kwenye siku. Treni ya 00:40 ya Jumamosi ni ya usiku wa kuamkia Jumamosi, ule ulioanza Ijumaa jioni. Ukitoka matembezini Jumamosi usiku, unayoitaka ni ya tarehe ya Jumapili. Kampuni nyingine huiweka treni hiyo hiyo bado chini ya ratiba ya Jumamosi, na baadhi ya ratiba za Japani huiandika 24:40 kuonyesha kwamba usiku haujaisha. Soma kichwa cha ratiba kabla ya kusoma saa.

Upande wa simu, pakua ramani ya jiji ili ifanye kazi bila mtandao, lakini usiitegemee kupita kiasi. Ramani ya Google iliyopakuliwa hukuonyesha barabara na majengo. Safari za treni na basi haikupangii mtandao ukikatika. Kwa hiyo piga pia picha ya skrini ya njia yako nzima na ya mchoro wa metro. Bonyeza *#06# upate namba ya utambulisho ya simu, yenye tarakimu 15, uiandike mahali pengine. Polisi na kampuni ya simu wataiulizia ikiibiwa. Simu iwe na kifungo cha namba ya siri, na uwashe mapema huduma ya kuitafuta na kuifunga kutoka mbali.

Fedha igawe sehemu tatu. Za kutumia siku hiyo na kadi moja ziwe mfuko wa mbele au wa ndani wenye zipu. Kadi ya pili na noti za akiba zikae mahali tofauti kabisa, kwa mfano kwenye kipochi cha kuvaa ndani ya nguo. Zinazobaki ziache hotelini kwenye sanduku la usalama pamoja na pasipoti, isipokuwa kama sheria ya nchi inakutaka utembee nayo. Japani, kwa mfano, mgeni wa muda mfupi anatakiwa kuwa na pasipoti yenyewe, na nakala yake haitoshi.

Nauli, mahali wageni wanapokamatwa

Kuna mifumo mitatu, na kosa la kawaida ni kuchukua mazoea ya mmoja na kuyapeleka kwenye mwingine.

Wa kwanza ni wa kugusisha kadi unapoingia na unapotoka, kwa sababu nauli hutegemea umbali au kanda. Treni za chini ya ardhi za London, Tokyo na Singapore ziko hivi. London, usipogusisha wakati wa kutoka, mfumo hauna habari ulishukia wapi, hivyo unakukata nauli ya juu kabisa. Vituo vingine vidogo havina geti, vina nguzo ya kugusishia pembeni tu, na mgeni huipita hivi hivi. Wa pili ni wa kugusisha mara moja unapoingia: subway ya New York, mabasi ya London. Mabasi ya London, zaidi ya hayo, hayapokei fedha taslimu tangu Julai 2014, kwa hiyo kumwonyesha dereva noti hakusaidii. Amsterdam hata kwenye tramu (treni ndogo zipitazo barabarani) na basi unagusisha kupanda na kushuka, jambo ambalo aliyetoka London juzi hulisahau mara moja.

Ukitumia kadi ya benki au simu kulipia, shika kifaa kimoja kutwa nzima. Kadi yako na simu yako, hata kama fedha zinatoka akaunti moja, mfumo huzihesabu kama abiria wawili. Ukiingia kwa kadi na kutoka kwa simu umeanzisha safari mbili ambazo hazijakamilika, na ule ukomo wa nauli wa siku, unaokuzuia kulipa zaidi ya kiasi fulani, hutaufikia. Kila mtu awe na kadi yake. Usiweke kadi mbili kwenye pochi moja na kugusisha pochi nzima: geti linaweza kusoma usiyoikusudia. Na kumbuka simu ikizima mkaguzi hana cha kukagua. Hadithi ya betri haimwondolei mtu faini.

Mfumo wa tatu ndio unaowaumiza wageni wengi: hakuna geti kabisa. Berlin, Vienna na Prague unashuka ngazi moja kwa moja hadi jukwaani, hakuna aliyekuzuia, ukadhani tiketi mkononi inatosha. Tiketi ya karatasi, isipokuwa iliyokwisha kupigwa saa ilipochapwa, haina uhai mpaka uigonge muhuri. Tafuta kisanduku kidogo kilichosimama jukwaani au karibu na ngazi. Kwenye tramu na basi kimo ndani, jirani na mlango. Kina mpasuko mwembamba. Ingiza tiketi kwa upande wenye mshale, isukume mpaka usikie mlio mfupi, kisha itoe uitazame. Lazima uone mstari wa wino wenye tarehe na saa. Wino ukiwa umefifia hausomeki, nenda kisanduku kingine. Gonga mara moja tu. Mara ya pili huonekana kama unajaribu kuitumia upya. Tiketi ya siku kadhaa nayo hugongwa siku ya kwanza tu.

Wakaguzi wa Berlin mara nyingi huvaa nguo za kawaida. Wanaingia kama abiria, mlango ukifunga wanatoa vitambulisho, na faini ni euro 60. "Mimi ni mgeni, sikujua" wameisikia tangu asubuhi. Paris wakaguzi hupenda kusimama kwenye korido za kutokea, ambako watu wanadhani wameshamaliza safari. Tiketi yako itunze mpaka uone anga. Mkaguzi wa kweli ana kitambulisho, anaandika, na anatoa risiti. Mtu anayetaka noti mkononi haraka haraka bila karatasi yoyote, mwambie mwende wote kwenye ofisi ya kituo au kwa polisi, na usimkabidhi pasipoti.

Treni ya uwanja wa ndege ichunguze peke yake, maana nauli yake mara nyingi ni nyingine. Uwanja wa BER wa Berlin uko kanda C, huku tiketi wanazonunua wageni wengi zikiishia kanda B. Tiketi ya kawaida ya metro ya Paris haikufikishi uwanja wa Charles de Gaulle. Geti la mjini linaweza kukuruhusu kuingia, ukakwama upande wa pili.

Mbele ya mashine ya tiketi

Mashine iliyo karibu na mlango mkuu ndiyo yenye foleni ndefu na yenye "wasaidizi". Nenda za ndani zaidi, au zilizo jirani na dirisha la mhudumu. Kabla ya kuisogelea, toa kiasi unachohitaji na kadi moja, pochi irudi ndani, zipu ifungwe. Sanduku liweke katikati ya miguu yako na mashine, usiliache nyuma.

Mtu asiye na sare akija kukubonyezea vitufe, mwambie "hapana, asante" na usimtazame tena. Mbinu yao huwa moja kati ya tatu: kukununulia tiketi ya mtoto kisha kudai fedha ya tiketi ya wiki, kukubadilishia kadi yako kwa inayofanana nayo, au kukushughulisha huku mwenzake akifungua begi. Akikataa kuondoka, bonyeza kitufe cha kughairi, subiri mashine irudishe kadi au noti, ndipo uondoke wewe.

Funika vitufe kwa kiganja unapoandika namba ya siri. Mashine ikikuuliza ukatwe kwa sarafu ya nchi uliyopo au ya kadi yako, chagua ya nchi uliyopo, kwa sababu ukichagua ya kadi yako kiwango cha kubadilishia hupangwa na mwenye mashine, na kwa kawaida kinakuumiza. Msimbo wa mraba (QR) uliobandikwa kama stika juu ya mashine au nguzo usiuchanganue. Nenda kwenye programu rasmi ya usafiri wa jiji uliyoipakua chumbani.

Jukwaani

Simama nyuma ya mstari, ule wenye vinundu unavyovihisi kwa soli ya kiatu. Treni inayopita bila kusimama huja kwa kasi kuliko unavyotarajia na huvuta hewa, na kigari cha mtoto au sanduku lisilofungwa breki hubiringika. Geuza magurudumu yaangalie sambamba na reli, yasielekee kwenye ukingo.

Kitu kikidondoka relini kiache, hata kama ni simu yenye picha zote za safari. Njia nyingi za metro hupata umeme kutoka kwenye reli ya pembeni wenye volti 600 hadi 750, na kwa macho huwezi kujua kama ina umeme. Ukingo wa jukwaa nao uko juu kiasi kwamba mtu mzima hujikuta hana pa kushika anapotaka kupanda. Angalia ulipo, sogea pembeni, mwite mhudumu. Wana vifaa maalumu vya kuokotea. Mtu akianguka, bonyeza kitufe cha dharura cha jukwaani au mpigie kelele mhudumu asimamishe treni. Usimfuate chini.

Kwenye ngazi za umeme, sandali za mpira laini na kamba za viatu ndizo zinazonaswa pembeni na mwishoni, hasa za watoto. Sanduku zito lipande lifti. London watu husimama kulia na kuacha kushoto kwa wanaotembea. Tokyo husimama kushoto, Osaka kulia. Ukifika juu au chini piga hatua tano mbele kabla ya kutazama ubao, kwa sababu walio nyuma yako hawana breki.

Mlangoni

Hapa tukae kidogo, maana wezi wengi wa mifukoni kazi yao iko hapa.

Wanakuwa watatu au wanne, wamevaa kama abiria wengine, pengine na ramani mkononi. Mmoja anatangulia kuingia, kisha anasimama ghafla hatua moja ndani ya mlango kana kwamba amesahau kitu. Wewe unamgonga, wa nyuma yako anakugonga. Kwa sekunde mbili mwili wote unabanwa na kuguswa, hivyo mguso mmoja wa ziada mfukoni hauhisiki. Kilichochomolewa kinapita chini ya koti lililoning'inizwa mkononi na kumfikia wa tatu, ambaye anashuka mlio wa kufunga mlango ukianza. Unapokuja kujipapasa, treni iko kwenye handaki, na waliobaki nawe ndani hata ukiwapekua hawana kitu.

Dawa yake inaanza kabla mlango haujafunguka. Begi la mgongoni lilete kifuani ukiwa bado jukwaani, mkono mmoja juu ya zipu. Pochi isikae mfuko wa nyuma wala wa pembeni wa koti. Waache wenye haraka waingie, wewe ingia kukiwa na nafasi; pakijaa kupita kiasi, subiri inayofuata, ambayo katika majiji haya kwa kawaida huja baada ya dakika chache. Mtu akisimama ghafla mbele yako mlangoni, rudi nyuma hatua moja badala ya kusukuma. Ukiingia usigande mlangoni, sogea katikati ya behewa uegemee ukuta.

Ukipita bango linaloonya juu ya wachomoaji, usijipapase. Kila anayelisoma hushika mfuko wenye pochi, na kuna anayesimama karibu na bango hilo kutazama mikono inakwenda wapi.

Simu huporwa kwa njia nyingine. Uliyekaa siti ya jirani na mlango, simu mkononi, ndiye mlengwa: mporaji husubiri mlio, hunyakua, huruka nje, na mlango unafunga kati yenu. Ukihitaji kusoma ujumbe, keti mbali na mlango, au simama umeupa mgongo ukuta na kuishika simu kwa mikono miwili.

Mlango unaofunga usiuwekee mkono wala mguu. Mlango wa lifti hukuhisi na kufunguka. Mlango wa treni unaweza kukubana na kung'ang'ania. Katika majiji mengine mlango haujifungui pia: tafuta kitufe, au kitasa cha kuinua kama kwenye baadhi ya treni za zamani za Paris.

Wenye watoto wakubaliane kabla ya kutoka hotelini. Mtoto akiachwa jukwaani, asiondoke pale alipo. Mkubwa anashuka kituo kinachofuata na kurudi. Treni ikimchukua mtoto, ashuke kituo kinachofuata, asimame ukutani mbali na ukingo, asitoke getini, na mkubwa apande treni inayofuata ya njia hiyo hiyo. Mwambieni mhudumu mara moja, maana anaweza kupiga simu mbele. Mtoto awe na namba yenu ya simu imeandikwa kwenye karatasi ndani ya mfuko wake. Mkiwa wakubwa wawili, mmoja aingie kwanza, watoto katikati, mwingine awe wa mwisho.

Ndani ya behewa

Tazama alama kabla ya kuketi. Delhi behewa la mbele ni la wanawake. Cairo ni mabehewa ya katikati. Mexico City hutenga ya mbele katika njia kadhaa. Tokyo njia nyingi hutenga behewa asubuhi za siku za kazi. Dubai sehemu ya wanawake na watoto iko ndani ya treni moja na wengine, imetenganishwa kwa mstari na alama tu, na mwanaume anayeingia hutozwa faini. Kula na kunywa pia ni kosa kwenye metro ya Dubai na Singapore, na Singapore faini inaweza kufika dola 500 za huko. Beijing, Shanghai na Delhi mabegi hupitishwa kwenye mashine ya ukaguzi mlangoni. Ongeza dakika kumi, na simama upande begi linakotokea ulipokee mwenyewe.

Mwanamke, au yeyote, anayeguswaguswa kwenye msongamano asijilaumu wala asivumilie kwa sababu ni mgeni. Hama mahali papo hapo. Ukiweza, sema kwa sauti kubwa kwa lugha yako. Ukali wa sauti unaeleweka kila nchi. Shuka kituo kinachofuata mlango ukiwa karibu kufunga ili asikufuate, na uende kwa mhudumu. Kumbuka namba ya behewa, iliyoandikwa juu ya mlango au mwisho wa behewa, na saa. Kwa hivyo viwili kamera zinaweza kufuatiliwa. Kwenye treni za Uingereza unaweza kuwatumia polisi wa reli ujumbe kwa namba 61016 bila kumjulisha aliye mbele yako. Kamba ya dharura usiivute treni ikiwa kwenye handaki, isipokuwa kuendelea kwake ndiko kutakakomuumiza mtu. Treni iliyosimama handakini haifikiwi haraka na polisi wala daktari.

Jambo moja husahaulika kwenye treni za mbali kidogo: treni inaweza kukatwa njiani, mabehewa ya mbele yakaenda huku na ya nyuma kule. Narita Express, inayotoka uwanja wa ndege kwenda Tokyo, hugawanyika stesheni ya Tokyo. Soma maandishi ya behewa lako lenyewe, usiridhike na yaliyo kwenye ubao wa jukwaa.

Basi na tramu

Hatari kubwa hapa ni barabara yenyewe. Uingereza na Japani magari hupita kushoto, Ufaransa na Marekani kulia, na jicho la mgeni hutazama upande lilikozoea. Ukishuka, usivuke mbele ya basi; subiri liondoke. Tramu haiwezi kukukwepa, na inahitaji nafasi ndefu kusimama. Amsterdam na Copenhagen unaposhuka unaweza kukanyaga njia ya baiskeli papo hapo, na waendesha baiskeli wanakuja kwa kasi bila kelele. Geuza kichwa kabla ya kuteremsha mguu.

Kaa umeshika nguzo hata kama umepata siti ya ukingoni, maana breki ya basi ni kali kuliko ya treni. Jua mlango wa kupandia: London unapanda mbele, mabasi ya jiji la Kyoto unapanda nyuma na kulipa mbele unaposhuka, kwa hiyo ukipanda andaa sarafu kamili mapema. Mabasi kama hayo yana kimashine cha chenji pembeni mwa dereva. Badilisha noti basi likiwa limesimama kwa taa nyekundu, siyo wakati foleni imekungoja.

Usiku

Subway ya New York hutembea saa zote 24. Treni za Tokyo hukatika karibu saa 6 usiku hadi karibu saa 11 alfajiri. London ina treni za usiku kucha kwenye baadhi ya njia, siku za Ijumaa na Jumamosi peke yake. Panga kuipata treni ya kabla ya ile ya mwisho, kwa sababu ukikosa ya mwisho kwenye kituo cha kubadilishia, uko nusu ya njia na vituo vinafungwa.

Jukwaa likiwa tupu, simama penye mwanga, kamera na kisanduku cha kuitia msaada. New York baadhi ya majukwaa yana eneo lenye bango la kusubiria nyakati hizo, simama hapo. Huko huko, kwenye njia nyingi, kondakta huwa katikati ya treni, na ubao wenye mistari myeusi na myeupe uliotundikwa jukwaani unaonyesha atakaposimama. Panda behewa lenye watu kadhaa. Behewa tupu kwenye treni iliyojaa lina sababu ya kuwa tupu. Kwenye basi la ghorofa kaa chini, karibu na dereva.

Ukiwa na shaka kwamba unafuatwa, usishuke kituo chako kama ni kidogo na kitupu. Endelea hadi kikubwa, zungumza na mhudumu, na upande teksi kwenye kituo rasmi cha teksi. Ukiita gari kwa programu, lisubiri ndani ya kituo, linganisha namba ya gari, na muulize dereva amekuja kumchukua nani; subiri ataje jina lako, usimtajie wewe.

Mchana au usiku, njia na namba ya mlango vimalize ukiwa bado ndani ya kituo, mgongo ukiwa ukutani. Nje, ukingoni mwa barabara, simu iliyonyooshwa mbele ya uso hunyakuliwa na wapita kwa baiskeli za umeme na pikipiki. Ukipotea, ingia dukani au mapokezi ya hoteli yoyote ndipo uitoe.

Mambo yakiharibika

Tazama habari za migomo na matengenezo jioni na tena asubuhi. Mwishoni mwa wiki New York hubadilisha njia za treni mara kwa mara, na karatasi zilizobandikwa kituoni ndizo zenye ukweli wa siku hiyo. Italia, siku ya mgomo, usafiri huwa na saa za huduma iliyohakikishwa asubuhi na jioni. Panga safari ya uwanja wa ndege ndani ya saa hizo.

Ukipitiliza kituo, usikurupuke. Shuka kinachofuata, usitoke getini, panda upande wa pili.

Ukiibiwa kadi, hatua ya kwanza ni kuifunga, kabla hata ya kwenda polisi, na namba ya benki iwe kwenye kile kikaratasi, kwa sababu huenda simu imekwenda pamoja nayo. Simu ifunge kutoka mbali kwa kutumia ya mwenzako au ya hoteli. Usimkimbize mwizi: hayuko peke yake. Namba ya dharura ni 112 katika nchi zote za Umoja wa Ulaya, 999 au 112 Uingereza, 911 Marekani. Japani polisi ni 110 na gari la wagonjwa ni 119. Toa taarifa kituo cha polisi kabla ya kuondoka katika nchi hiyo na uchukue namba ya jalada, maana bima ya safari huidai, na kuipata ukiwa umesharudi ni kazi.

Ulichokisahau mwenyewe kina matumaini zaidi. Mwambie mhudumu wa kituo cha karibu mara moja, ukitaja njia, upande ilikokuwa ikielekea treni, saa uliyoshuka, na kama ulikaa mbele, katikati au nyuma. Kabla treni haijafika mwisho wa njia, anaweza kupiga simu wakakikague kiti ulichokalia. Ikishindikana, jaza fomu ya ofisi ya vitu vilivyopotea siku hiyo hiyo, na eleza alama isiyoonekana kwa nje: kilichomo mfuko wa ndani, picha iliyo kwenye skrini, mkwaruzo ulio chini ya begi. Mabegi meusi yenye magurudumu yako mengi kwenye rafu zao.